Mjumbe Asiyekosa Kikao

Kwa anayekutana na mkosi wangu leo kwa mara ya kwanza, nijieleze kwa kifupi. Naitwa Maeng Ji-suk. Banda letu la kuku wa kukaanga lilipofilisika Gwangju, mimi na mume wangu tulihamia Naju. Yeye akawa msambaza vifurushi. Mimi nikapata kazi ya mkataba katika Wakala wa Mabwawa Madogo, ofisi ndogo inayoendeshwa kwa kodi za wananchi.

Mimi ni karani wa bodi. Natunza kumbukumbu za vikao, posho za wajumbe, na droo yenye mihuri yao.

Kwetu saini ya mtu ni muhuri wake. Mjumbe anayeishi mbali hasafirishwi kwa kila karatasi, kwa hiyo ofisi humchongea muhuri wa bei rahisi wenye jina lake na kuuweka. Mjumbe anakubali kwa simu, karani anagonga. Niliukuta utaratibu huo nilipoanza kazi, na sikuuliza ulitoka wapi.

Wajumbe ni saba. Watatu walipinga kila mwaka bajeti ya ukarimu ya Mkurugenzi Mkuu Gu Bon-cheol, yaani vyakula na vinywaji anavyowanunulia wageni kwa kadi ya ofisi. Wawili walimuunga mkono, naye akiwa mjumbe wa tatu wa upande huo. Kura ya nne, iliyoamua mambo yote, ilikuwa ya Profesa Seonu Hyeon, mstaafu wa chuo kikuu. Muda wake katika bodi ulikwisha zamani, lakini sheria inamruhusu mjumbe kuendelea mpaka mrithi wake ateuliwe. Gu hakuwahi kuomba mrithi.

Profesa hakukosa kikao hata kimoja. Mimi sikuwahi kumwona.

Meneja Ok Tae-sik, mkuu wangu wa kazi, aliniambia mzee hapendi safari na kwamba anashiriki kwa simu kupitia yeye. Nikagonga muhuri. Kila baada ya kikao nilimkabidhi Ok bahasha ya posho ya Profesa ampelekee mwenyewe, maana mzee, alisema, haziamini benki. Nilimpa bahasha kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa. Yeye aliipokea kwa mmoja, macho yakiwa kwenye simu.

Wiki iliyopita niliishia pale Bibi Ban aliponipigia. Huyu ni msaidizi wa mbunge mmoja katika kamati inayokagua ofisi za umma. Alikuwa amesoma mahudhurio ya bodi zote zilizo chini ya kamati na kumpenda Profesa wetu. Alitaka aitwe siku ya Alhamisi, akae mbele ya kamati, wajumbe wavivu wa mashirika mengine wamwone mtu anayefanya kazi kwa posho yake.

Nilipompelekea Ok habari hizo alipauka uso. Kabla hajasema neno, kwenye simu ya ofisi ukaingia ujumbe kutoka chuo kikuu: Profesa Seonu amefariki dunia.

Leo naanzia hapo.

Ok aliusoma ujumbe ule mara mbili, akakaa, akapumua. Akaagiza kahawa kwa ofisi nzima kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mzee wa watu," akasema. "Amejua wakati wa kuondoka."

Akaingia kwa Mkurugenzi. Mimi nikafanya kile ambacho karani yeyote wa bodi hufanya mjumbe anapofariki au kufiwa. Sihitaji kuagizwa. Nilimpigia muuza maua wa Gwangju, nikaagiza shada la ghorofa tatu, maua meupe, lipelekwe ukumbi wa msiba mara moja. Maneno ya utepe unaomtaja mtumaji anayo siku zote: kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wenzako wa bodi. Nilipeleka la namna hiyo mama mkwe wa Ok alipofariki.

Ok alitoka akitabasamu. Nikamwarifu kwamba shada limeshaondoka.

Tabasamu lilikaa usoni kwa muda kidogo, kama mtu aliyesahau kulivua.

"Nani alikwambia upeleke?"

Nilimwambia ni desturi. Mjumbe akifariki tunapeleka. Tusipopeleka ni aibu kwa ofisi.

Akafunga mlango. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya barabara, kwamba familia ya Profesa haijui kuwa alikuwa bado mjumbe. Nilimuuliza itakuwaje familia isijue wakati mzee anahudhuria kila kikao. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekatiza somo.

"Dada Maeng, chukua gari la ofisi. Nenda kautoe ule utepe. Maua yabaki, utepe urudi nao. Ukiulizwa, sema jina limekosewa."

Nilikwenda.

Njiani niliunganisha mambo. Sikuhitaji akili nyingi. Nilihitaji tu kuacha kukwepa kile ambacho mkono wangu ulikuwa unakifanya mwaka mzima.

Ukumbi ulikuwa umepangwa mashada kuanzia kwenye lifti, kila moja kwa daraja la aliyelituma. Nilitafuta letu kwenye korido. Halikuwepo. Lilikuwa ndani, pembeni ya picha ya marehemu, mahali pa heshima kuliko pote.

Mdogo wake marehemu ndiye aliyelihamisha. Mzee mwembamba, amekunywa kidogo, furaha na huzuni zimemchanganyikia. Alipoona kitambulisho cha ofisi shingoni mwangu alinishika mkono mbele ya watu.

"Wewe ndiye wa maua haya? Njoo, njoo uonekane." Akageukia meza za ndugu. "Mlisema kaka amesahauliwa. Nani amesahauliwa? Haya, hesabuni ghorofa."

Watu wote walilitazama shada. Mkono wangu haukuweza tena kuugusa utepe.

Nilisujudu mbele ya picha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona sura yake: mzee mwenye masikio makubwa na miwani iliyoteremka kidogo puani. Nikatoa rambirambi, nikageuka kuondoka. Lakini kwetu mtu haondoki msibani bila kula. Nilikalishwa, nikawekewa wali na supu nyekundu ya nyama, na binti wa marehemu akaja kukaa mbele yangu kunishukuru.

Anaitwa Seonu Yun-gyeong. Anafundisha hisabati shule ya sekondari. Hakuwa amelia, au alikuwa amemaliza.

Alisema asante kwa maua. Kisha akauliza, kwa upole tu, baba yake alikuwa kwenye bodi yetu mwaka gani.

Nikasema ni zamani kidogo.

"Utepe unasema wajumbe wenzako. Hausemi mjumbe wa zamani."

Nikasema jina limekosewa, na kwamba nimekuja kulirekebisha.

"Umeendesha gari kutoka Naju kuja kurekebisha utepe?"

Niliinua kijiko. Kwenye kidole gumba changu kulikuwa na wino mwekundu wa mihuri, ambao hautoki kwa sabuni. Aliuona. 

Kisha akanisimulia. Baba yake alianza kusahau majina, akafuata kusahau njia ya nyumbani, mwishowe kumeza. Alikaa hospitali ya wazee akilishwa kwa mpira wa puani tangu kabla sijaajiriwa. Yun-gyeong aliomba ofisi ya bima ya afya impunguzie malipo, kama inavyoruhusiwa kwa mzee asiye na kipato. Walikataa. Walisema baba yake ana kipato cha kazi, kutoka chombo cha umma, kila robo mwaka.

"Niliwaambia wamekosea mtu. Baba hajui hata jina langu, kazi gani? Waliniambia kompyuta inasema anafanya kazi. Nikadhani kuna Seonu mwingine mahali fulani, mwenye bahati." Akasogeza bakuli la kachumbari karibu nami, kama mwenyeji mwema. "Nimehamia nyumba ya bei rahisi kwa ajili ya huyo Seonu mwingine. Kumbe ni baba."

Niliweka kijiko chini.

Akaniuliza posho ilikuwa inalipwa wapi. Nikasema taslimu, kwenye bahasha. Akaniuliza nani aliipokea. Nikasema sijui, na hapo nilisema uongo. Akaniuliza nani alimgongea muhuri.

Nikakificha kidole gumba chini ya meza.

"Sitaki pesa zenu," alisema. "Mwili wa baba nitauchoma kesho kutwa, pesa hazitamfaa. Ila kwenye kumbukumbu zenu amekaa mezani, amepiga kura, amekula nyama na wakubwa. Nataka mtu mmoja kutoka kwenu aseme kwamba hakuwepo. Mmoja tu. Wewe unaweza?"

Nilimwambia ninaweza.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa sababu hakuwa ameniomba kwa hasira.

Niliporudi Naju utepe ulikuwa bado Gwangju. Nilimweleza Ok yote isipokuwa ahadi yangu. Nilitegemea ghadhabu. Akanipigapiga begani, akaniambia nikapumzike, kesho asubuhi Bosi atakuwa na neno zuri kwangu.

Mkurugenzi Mkuu Gu alipata kiti chake kama shukrani ya kampeni. Mabwawa tunayoyasimamia huyaita madimbwi, na sina ushahidi kwamba amewahi kulitembelea hata moja. Ana kipaji kimoja: kumenya peasi kwa kisu bila ganda kukatika. Nilipoingia alikuwa anamenya. Ok alisimama nyuma yake.

Gu alinikatia kipande, akaniambia nile, peasi za mwaka huu ni tamu. Nikala. Akasema amesikia mume wangu anabeba vifurushi na mgongo wake si mzuri. Akasema mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwaka. Akasema inawezekana kabisa nikawa mwajiriwa wa kudumu, nafasi ipo, inahitaji kura ya bodi tu.

Kura ya bodi. Alisema hivyo bila kupepesa.

Niliuliza natakiwa kufanya nini. Ok ndiye aliyejibu. Binti wa marehemu hataacha kuuliza, kwa hiyo niandike maelezo mafupi: kwamba nilipoanza kazi sikuelewa utaratibu, nikaendelea kugonga muhuri wa mjumbe niliyedhani ametoa idhini. Kosa la karani mgeni. Kamati itakemea, magazeti yataandika siku moja, halafu yataisha.

Nikasema kutumia muhuri wa mtu bila idhini yake ni jinai.

Ok akacheka. "Jinai ni kwa mtu mwenye nia, Dada Maeng. Wewe una nia gani? Wewe hata gari huna."

Gu naye alicheka, akakata kipande kingine.

Nikauliza kuhusu bahasha. Nilitaka kujua tu zilikwenda wapi, kwa kuwa nilizitoa kwa mikono yangu.

Walitazamana. Kisha Ok akasema, kwa utulivu wa mtu anayefafanua kanuni, "Kadi ya ofisi ina ukomo. Ukizidi ukomo unaulizwa ulikula na nani. Kwa hiyo pale kadi ilipoishia, Profesa aliendelea. Na tulipoulizwa tulikula na nani, tulikula na Profesa."

"Mlaji mzuri," akasema Gu. "Hajawahi kulalamika."

Sijawahi kumchukia mtu kwa utani kama nilivyomchukia siku ile. Lakini niliitikia kwa kichwa. Naandika ukweli: niliitikia. Nikaomba muda wa kufikiri mpaka asubuhi, Gu akasema bila shaka, akanifungia peasi mbili za kupeleka nyumbani.

Mume wangu alinisikiliza akiwa amelala chali sakafuni, chupa ya maji ya moto mgongoni. Nilimuuliza afadhali nini: niseme ndiyo, tupate ajira na mimi nibebe jina la mzembe, au niseme ukweli na Januari tusiwe na mshahara wa pili.

"Usiniulize mimi," alisema. "Ukiniuliza nitakwambia useme ndiyo. Halafu utanichukia mpaka nife."

Alizila peasi zote mbili. Nilimwachia.

Asubuhi nilikuwa nimeamua. Nieleze uamuzi wenyewe kwa sababu haukuwa wa kishujaa. Nilipiga hesabu. Maelezo anayoyataka Ok yangenifanya mtu pekee aliyegusa muhuri. Ajira ya kudumu ingepitishwa na bodi ambayo sasa ilikuwa imebaki kura tatu kwa tatu. Gu alikuwa ameniahidi kitu kisichokuwa tena mkononi mwake, na hakutambua kuwa nimeliona hilo, kwa sababu hajawahi kudhani karani anahesabu kura. Kwa upande mwingine kulikuwa na mwalimu mmoja aliyetaka mtu mmoja aseme neno moja.

Ningechukua muhuri wa Profesa kwenye droo, na ule wino, nimpelekee Bibi Ban kabla ya Alhamisi. Ndiyo ilikuwa mipango yangu yote.

Nilifika ofisini kabla ya wengine. Nilikuwa bado sijavua koti simu ilipolia.

Alikuwa Bibi Ban. Sauti yake haikuwa ile ya simu ya kwanza, ya mtu aliyempenda Profesa wetu. Ilikuwa kavu.

"Bibi Maeng, maelezo yako tumeyapata jana jioni. Nakushukuru kwa kusema mapema."

Nikamuuliza maelezo gani.

Akaniuliza kama namchezea. Kisha akanisomea. Kwamba mimi, Maeng Ji-suk, karani wa bodi, nilitambua kuwa Profesa Seonu ni mgonjwa. Kwamba nilimweka katika mahudhurio bila kumwarifu yeyote. Kwamba posho zake nilizichukua mimi, nikalipia madeni ya banda la kuku lililofilisika Gwangju. Kwamba Mkurugenzi Mkuu na Meneja Ok walidanganywa kama wengine.

Hakukuwa na neno mgeni. Hakukuwa na neno kosa. Ok alikuwa ameniacha niombe muda wa kufikiri huku yeye amekwisha kufikiri kwa niaba yangu.

"Sikuandika hayo," nikasema.

"Yamegongwa muhuri wako kila ukurasa."

Nikamwambia muhuri wangu ninao hapa.

"Basi uje nao kesho," akasema. "Mheshimiwa atakusomea mbele ya kamati. Familia ya marehemu nayo imepelekewa nakala, ni haki yao. Kama una wakili, njoo naye."

Akakata.

Familia ya marehemu. Kwa hiyo Yun-gyeong alikuwa amekwisha kusoma, siku anayomchoma baba yake, kwamba mwanamke aliyekula supu yake na kumpa ahadi ndiye mwizi.

Niliufungua mkoba. Muhuri wangu ulikuwemo, ndani ya kifuko chake cha kitambaa, wa mti mgumu, zawadi ya baba yangu nilipomaliza shule. Ulikuwa mkavu. Sikuwa nimeutumia tangu tulipofunga banda.

Nikachukua ufunguo wa droo. Ninao mimi. Mwingine anao Ok.

Mihuri ya wajumbe hukaa kwenye trei ya mbao yenye vishimo saba. Nilivitazama kimoja kimoja. Sita ilikuwa mahali pake. Katika kishimo cha Profesa kulikuwa na muhuri, lakini haukuwa wake. Wake ulikuwa umechakaa pembeni kwa kugongwa na mimi. Huu ulikuwa mpya, wa mti laini wa bei rahisi, ule unaochongwa mtu akisubiri pale karibu na stesheni.

Niliugeuza. Ulikuwa na jina langu.

Niliubonyeza kwenye kidole. Uliniachia alama nyekundu. Wino ulikuwa haujakauka.

Nikaufumbata, na ndipo nikahisi kuna mtu. Meneja Ok alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi, hajachana nywele. Nadhani aliliona gari la vifurushi la mume wangu likinishusha, akapanda ngazi mbio. Alitazama droo, akanitazama mimi, akautazama mkono wangu uliofumba.

Hakuniuliza nimefanya nini. Alifunga mlango nyuma yake kwa kisigino, akasogea mpaka mezani, akainamisha kichwa kidogo, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.